Mwavuli wa Kwanza na Uwe Mkubwa

Mpenzi msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, aghalabu bila kuwaza kwamba guu lenyewe laweza kuwa guu kwelikweli, lenye mfupa na damu. Mimi nimeliona. Ni guu la kaka yangu, la kushoto, nalo lilivunjika mahali pawili likizo ya Agosti mwaka jana kwa sababu ya mwavuli uliokuwa mzima, uliofunguka vizuri, usio na tundu hata moja. Ila yake ilikuwa moja tu: ulikuwa mdogo mno kwa mtu aliyekuwa bado anajifunza.

Nimekaa na jambo hili moyoni muda mrefu. Mhariri wetu aliposimama gwarideni na kutangaza kwamba anataka makala ya maoni, nikasema basi, leo nautua mzigo huu. Maoni yangu ni haya: mtu anayenunua mwavuli wake wa kwanza wa kurukia kutoka ndegeni na achague mkubwa, tena mpole, hata kama wenzake watamcheka. Na hao wanaocheka nao wajue wanalolitenda, kwa maana mimi nilikuwa mmoja wao.

Labda utauliza, ewe mwanafunzi mwenzangu, mambo ya kuruka angani yanatuhusu nini sisi ambao hata nauli ya matatu ni taabu? Swali lako ni zuri. Hata kwetu nyumbani hatukuwahi kuota kwamba mmoja wetu angeruka. Lakini kaka yangu aliajiriwa kukunja miavuli huko pwani ya kusini, upande wa Diani, ambako wageni na wenyeji huruka kutoka kwenye ndege ndogo na kutua mchangani kando ya bahari. Mgeni wa siku moja hufungwa kifuani pa mwalimu, wanaruka pamoja, wanatua, anapigwa picha, anakwenda zake. Kazi ya kaka ni kuukunja mwavuli ule upya, kamba juu ya kamba, pindo juu ya pindo, ili uwe tayari kwa safari inayofuata. Kwa kazi hiyo ndiyo mimi nilikuwa nikilipiwa karo. Kwa hivyo, msomaji, guu lile lilikuwa pia karo yangu.

Ukikunja miavuli ya watu mwaka mzima, huna budi siku moja kutaka wako. Kaka alidunduliza, akasaidiwa na wakubwa wake kazini, akaingia mafunzo. Aliruka na walimu wawili wakimshika huku na huku, kisha mmoja, kisha peke yake. Alipofikisha miruko 25 na kupita majaribio alipata leseni ya kwanza, ile ambayo Chama cha Miavuli cha Marekani, USPA, huiita leseni A. Nyumbani tulichinja kuku. Mama, ambaye hadi leo hajakubali kwenda kumtazama akiruka, alikula paja huku akitikisa kichwa.

Hapo ndipo pakaja swali la mwavuli gani anunue, na hapo ndipo matata yalipoanza.

Kabla sijaendelea, sharti nieleze kitu hiki ni kitu gani, kwa sababu wengi wetu tunapowaza mwavuli wa angani tunawaza lile duara kama uyoga. Duara hilo lina historia ndefu. Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka nalo kutoka kwenye puto huko Paris tarehe 22 Oktoba mwaka 1797, akining'inia ndani ya kikapu kilichoyumba kama pendulo. Uyoga huo hukushusha tu. Unakwenda unakopeleka upepo. Lakini tangu Domina Jalbert alipobuni, mwaka 1964, kitambaa chenye vyumba vinavyojaa hewa kupitia mdomo wa mbele, mwavuli umekuwa bawa. Hauanguki, unaruka. Una mwendo wa kwenda mbele, na huelekezwa kwa vishikio viwili, kimoja kila mkono. Karibu na ardhi mrukaji huvuta vyote viwili kwa pamoja, kama kufunga breki. Bawa huinua pua, mwendo hupungua, naye hukanyaga chini kama mtu anayeshuka kwenye ngazi. Asipovuta, au akivuta mapema mno, ardhi humpokea ipendavyo.

Kwa hivyo anayenunua mwavuli hanunui kitambaa cha kumzuia asianguke. Ananunua ndege ndogo isiyo na injini, ambayo rubani wake ni yeye mwenyewe. Je, kuna mzazi atakayemkabidhi mwanawe aliyepata leseni jana gari la mashindano ya Safari Rally?

Mwalimu wa kaka alimwambia waziwazi: futi 190 za mraba, zisipungue; zikizidi, heri zaidi. Yeye alikuwa amejifunza kwa mwavuli wa shule wa futi 240. Lakini kaka alikuwa amekwisha kuona mwingine. Mrukaji mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao alikuwa akiuza vifaa vyake vyote kwa bei ya kutupa: mkoba, mwavuli mkuu wa futi 150 na wa akiba wa futi 143. Rangi yake nyekundu na nyeusi, bwana, ungedhani imetengenezwa kwa ajili ya kaka. Alinionyesha picha kwenye simu tulipofunga shule. Halafu akanionyesha ule aliopendekezewa na mwalimu, wa samawati uliopauka, mkubwa.

Nikacheka. Nikamwambia, "Kaka, hili si hema la arusi? Utaruka au utapikia watu pilau ndani?"

Naye alicheka. Lakini nilimwona akiitazama picha ile mara ya pili, na uso wake ukabadilika. Juma lililofuata alikuwa amelipa arubuni ya ule mwekundu.

Sisemi kwamba kicheko changu ndicho kilichomvunja mguu. Mtu mzima huamua mwenyewe. Lakini najua kwamba kijana akisikia la mkuu sikio moja, na sikio la pili likasikia kicheko, mara nyingi kicheko hushinda. Si hata hapa shuleni tunaona?

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu nisingependa mwalimu wangu wa Fizikia aseme ninaandika hadithi tu. Warukaji wana kipimo chao rahisi. Wanachukua uzito wa mtu pamoja na vifaa vyake vyote, kwa ratili, wanagawanya kwa ukubwa wa mwavuli kwa futi za mraba. Kaka ana kilo 75. Viatu, kofia, mkoba na miavuli miwili ni kilo 11 hivi. Jumla kilo 86, yaani karibu ratili 190. Chini ya mwavuli wa futi 190, kila futi inabeba ratili moja. Hiyo ratili moja ndiyo wakufunzi wengi huitaja kuwa kikomo cha mwanagenzi. Chini ya ule wa shule wa futi 240, kila futi ilibeba kama 0.8. Chini ya ule mwekundu, karibu 1.27.

"Kwani tofauti ya nukta chache ni nini?" Ndivyo alivyosema kaka, na mimi nikaitikia. Kumbe nukta hizo zina meno. Bawa dogo likibebeshwa uzito uleule, sharti liende kasi zaidi ili liweze kukubeba. Kutoka futi 240 hadi futi 150, mwendo unaongezeka kwa zaidi ya robo. Tena kamba za mwavuli mdogo ni fupi, kwa hivyo unaitikia mkono upesi. Kosa dogo la kiganja linakuwa kona kubwa. Na ukivuta kishikio kimoja, bawa hulala upande huo na kuzama. Lile kubwa huzama taratibu, ukapata nafasi ya kujirekebisha. Lile dogo huzama kama mwewe aliyeona kifaranga.

Na hewa nayo ina neno lake. Wenzetu wa mbio wanajua kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Mwavuli unajua pia. Mahali palipo juu, mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, mwavuli uleule na mtu yuleyule hutua kwa kasi iliyozidi ya pwani kwa kama asilimia 8, na jua likiwa kali huzidi zaidi. Mwalimu wangu wa Fizikia alinisaidia kuziunganisha hesabu hizi ubaoni baada ya masomo. Kwa kuwa nguvu ya kugonga huongezeka kwa mraba wa mwendo, mtu aliyezoea mwavuli wa futi 240 pwani, akitua kwa ule wa futi 150 huko juu, anakutana na ardhi akiwa na nguvu karibu maradufu ya ile miguu yake inayoijua. Chaki ilisimama. Sote wawili tulinyamaza.

Kwa sababu ndivyo ilivyotokea. Mwalimu wake wa Diani alikataa katakata asiruke na ule mwekundu pale. Kaka akanuna. Kisha akasikia kwamba kuna warukaji watakaokutana mahali fulani bara, penye uwanja mpana, ambako hakuna aliyemjua wala aliyemuuliza ana miruko mingapi. Alikuwa na 31. Akapanda basi la usiku na mkoba wake mapajani.

Mruko wa kwanza alitua kwa magoti, akajipangusa vumbi, akasema ni bahati. Wa pili mwavuli ulifunguka vizuri. Alipokuwa kama futi 100 kutoka ardhini aliona kile kifuko cha upepo kimegeuka. Upepo sasa ulikuwa mgongoni mwake, ukimsukuma. Tangu siku ya kwanza ya mafunzo aliambiwa atue akiukabili upepo, nalo ni jambo la haki. Lakini aliambiwa pia jambo la pili, ambalo hofu ililifuta: ukishakuwa chini hivyo, ni afadhali utue na upepo mgongoni, bawa likiwa sawa, miguu pamoja, breki zote mbili zimevutwa, ujiviringishe, kuliko kukata kona. Kaka alivuta kishikio cha kulia kwa nguvu zake zote. Chini ya hema la arusi huenda angeponea kwa michubuko. Chini ya ule mwekundu, ardhi ilimkuta bado anabembea.

Nilimwona hospitalini siku ya pili. Mguu ulikuwa umetiwa vyuma. Hakusema habari za mwavuli hata kidogo. Aliniambia, "Dadangu, karo ya muhula wa tatu sijui itakuwaje." Basi. Nilifungua shule majuma matatu baada ya wenzangu, na baadhi yenu mliniuliza nilikuwa wapi nikasema nilikuwa naumwa. Leo mmejua.

Huenda wengine wakasema: je, si michezo yote ina hatari? Kweli. Ila ni vyema tujue hatari iko wapi. Watu hudhani mrukaji hufa kwa sababu mwavuli haukufunguka. Ajali ya namna hiyo ipo, lakini dawa yake nayo imetafutwa sana. Kila mrukaji hubeba mwavuli wa akiba. Isitoshe, tangu mwaka 1991 kuna kifaa kidogo kilichobuniwa Ujerumani, kiitwacho Cypres, ambacho huufungua mwavuli wa akiba chenyewe ikiwa mtu angali anaanguka kwa kasi akifika kama futi 750. Kimewaokoa wengi. Huko Marekani mwaka 2023 watu waliruka zaidi ya mara milioni 3 na nusu, na waliofariki walikuwa 10. Lakini kifaa hicho hakijui lolote kuhusu mtu aliye chini ya mwavuli mzima, anayekata kona kwa hofu au kwa maringo. Ajali nyingi mbaya za siku hizi ni za namna hiyo. Hapo hakuna mashine ya kukuokoa ila uamuzi uliofanya dukani.

Ndiyo maana nasema: mwavuli wa kwanza usichaguliwe kwa ajili ya siku nzuri. Siku nzuri, upepo umetulia, uwanja mpana, akili timamu, hata mdogo utakutua. Chagua kwa ajili ya siku ile upepo umegeuka, mtoto wa watu ameingia uwanjani akifukuza mbuzi, na mkono wako umesahau kila ulichofundishwa. Siku hiyo unahitaji mwavuli unaosamehe.

Wapo watakaopinga, na hoja zao nimezisikia zote kwa masikio yangu, nyingine kutoka kinywani mwangu.

Ya kwanza ni ya pesa. Wanasema, "Nitaushinda huo mkubwa kwa mwaka mmoja, kwa nini ninunue mara mbili? Heri ninunue mdogo sasa niukulie." Jamani, mwavuli si sare ya Kidato cha Kwanza, ambayo mama hununua yenye mikono mirefu akitumaini utaikulia. Sare isiyokuenea haivunji mfupa. Isitoshe, mwavuli mkubwa uliotunzwa hauozi mikononi, kwani kila mwaka kuna wanagenzi wapya wanaoutafuta. Kaka alipiga hesabu ya bei nafuu ya ule mwekundu akasahau kuweka hospitali upande wa pili wa mizani. Rahisi yaweza kuwa ghali, na ghali yake ikalipwa na nyumba nzima.

Hoja ya pili ni ya upepo. Wanasema mwavuli mkubwa uliobeba uzito mdogo husukumwa nyuma kusi linapovuma. Hii ni kweli, wala siipingi. Lakini dawa ya upepo mkali si mwavuli mdogo. Dawa yake ni kukaa chini ya mwembe ukanywa madafu mpaka utulie. Ndege itapaa tena kesho.

Hoja ya tatu ni ya wepesi kama mimi. "Wewe una kilo 48," wataniambia, "na vifaa ni kama ratili 130, hesabu yako yenyewe inasema mwavuli wa futi 130 unakutosha." Hapa ndipo hesabu bila akili hudanganya. Kipimo cha ratili moja ni dari, si shabaha. Mwavuli wa futi 130 una kamba fupi na hasira nyingi hata ukibeba mtu mwepesi. Msichana mwembamba anayeanza apewe futi 150 na zaidi, kipimo chake kibaki chini ya moja, na asione haya.

Sasa, ukubwa peke yake hautoshi. Kaka ni mkunjaji; akiwa kitandani mguu juu ya mto alinifundisha mengi, nami nayaandika hapa kwa faida ya yeyote atakayehitaji.

Tazama umbo. Mwanagenzi atafute mwavuli wa mstatili au uliopunguzwa kidogo tu ncha za mabawa. Ile iliyochongoka kama yai imeundwa kwa wakata kona. Yenye vyumba saba aghalabu hufunguka kwa utulivu na kushuka kwa mteremko mkali kidogo. Yenye vyumba tisa hupaa mbali zaidi na breki zake za mwisho huwa na nguvu. Zote mbili zaweza kuwa za upole, mradi zimeundwa kwa wanaoanza.

Shika kitambaa. Kitambaa cha zamani hupitisha hewa kidogo, na kadiri kinavyochakaa hupitisha zaidi, hata mwavuli mkubwa ukakosa nguvu unapovuta breki. Cha siku hizi hakipitishi hewa na hudumu sana, ijapokuwa kikiwa kipya huteleza kama sabuni na kumtoa jasho mkunjaji.

Hesabu kamba. Baadhi ya kamba hunywea kwa joto la msuguano, tena si zote kwa kiasi kimoja. Mwavuli ambao kamba zake zimekwenda upogo hauruki tena kama alivyouunda fundi. Muulize muuzaji: umeruka mara ngapi? Kamba hizi ziliwekwa lini? Akigugumia, funga mkoba.

Angalia mkoba wenyewe na mwavuli wa akiba. Hapa ndipo wengi hunaswa. Mkoba hushonwa kwa kipimo. Ulioshonewa mwavuli wa futi 150 hautameza wa 190. Ukinunua mkoba mdogo umejifunga kwa mwavuli mdogo, na wa akiba nao utakuwa mdogo. Hebu fikiri: wa akiba ndio utakaokutua siku umegongwa kichwa na hujijui. Huo ndio unaopaswa kuwa mpole kuliko yote.

Na kabla ya shilingi kutoka mfukoni, mpelekee fundi wa miavuli mwenye cheti auchunguze kwenye mwanga, kisha azima au kodi wa ukubwa huohuo uruke nao mahali unapopajua, mbele ya mwalimu anayekujua. Muuzaji si mwalimu wako. Muuzaji anataka kuuza, na hilo si dhambi, ila usimgeuze mshauri.

Je, mtu abaki na mkubwa milele? La hasha. Ashuke ngazi hatua moja moja, akiwa amejibu maswali kwa matendo. Je, anaweza kutua mara kwa mara karibu na alama aliyoichagua? Anaweza kugeuka chini bila kuzama, breki zikiwa zimevutwa nusu? Amewahi kutua bila upepo, na upepo ukimpiga ubavuni, bila kupiga magoti? Anaweza kurekebisha mwelekeo huku akiwa katikati ya kuvuta breki za mwisho? Akijibu ndiyo kwa yote haya, mwalimu wake atakuwa wa kwanza kumwambia. Akijibu kwa maneno tu, hema la arusi bado ni lake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kaka alipigiwa makofi kwa kuku mmoja na leseni moja, akadhani amefika. Nasi wanafunzi tuna miavuli yetu. Kuna anayechagua somo kwa sababu wakali wa darasa wamelichagua, kuna anayeona haya kurudia hesabu za Kidato cha Kwanza ilhali hapo ndipo alipokwama. Sitawahubiria, walimu wetu wanatosha kwa kazi hiyo. Ninachoomba ni kwamba mwenzako akichagua kile kinachomfaa, hata kama kimepauka na ni kikubwa kama hema, usimcheke. Hujui kicheko chako kitatua wapi.

Kaka alitupa magongo mwezi wa Januari. Kazini walimpokea, anakunja akiwa ameketi. Ule mwekundu aliuuza kwa mrukaji mwenye miruko zaidi ya 600, baada ya kumwambia yote. Mwezi wa Aprili daktari alimruhusu, mwalimu wake wa Diani akamrudisha kwanza kwenye mwavuli wa shule, akamchungulia miruko kumi. Kisha akanunua wake: futi 210, kitambaa kizima, kamba mpya, rangi ya chungwa iliyofifia. Kipimo chake ni 0.9.

Nilikwenda kumtazama likizoni. Nilimwona akitoka mawinguni, doa dogo la chungwa juu ya maji, likikua polepole. Halikuwa na haraka. Lilizunguka juu ya minazi, likaukabili upepo, likashuka, naye akavuta mikono yote miwili akakanyaga mchanga kwa miguu yote miwili, kushoto na kulia. Alisimama pale huku kitambaa kikimwangukia begani.

Nikamkimbilia. "Kaka," nikamwambia, "hema limefika."

Akacheka. "Mwambie mama apike pilau," akasema.

Hayo ndiyo maoni yangu, mpenzi msomaji. Mpanda ngazi hushuka, na anayetaka kushuka salama na achague ngazi yake angali chini.